Masta ya laki nne na nusu

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia ujumbe: "Anko, meneja huwa anachukua asilimia ngapi?" Hata kusalimia hakusalimia. Ana miaka kumi na tisa, anarekodi chumbani kwa dada yangu, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda, na wimbo ukikamilika anaupandisha mtandaoni kabla chai haijapoa. Sasa kuna mtu kamfuata, anataka kumsimamia.

Nikabaki na simu mkononi. Kwangu mimi neno asilimia lina sura yake: ni kalkuleta kubwa ya mezani inayogeuzwa taratibu juu ya kaunta ya kioo, Kariakoo, mpaka tarakimu zinielekee.

Siku hizi mnanijua kwa kuandika. Ila kabla ya huku, kuna watu wanne walikuwa wakiniita Bosi.

Ni Temeke, 2001. Vijana wanne wanachana, na mimi wa tano nisiyeweza kushusha mistari miwili bila kukohoa, kwa hiyo nikawa mkurugenzi. Ukurugenzi wenyewe niliusomea kwenye jarida. Baharia mmoja wa mtaani kwetu alirudi na begi la majarida ya Marekani, na ndani yake kanda ya VHS ya I'm Bout It, ile filamu ya rapa Master P ya 1997 ambayo haikupitia ukumbi wa sinema. Aliitoa moja kwa moja kwenye kanda, akaiuza vilevile anavyouza muziki. Kopi yetu ilikuwa imechoka, picha inaruka. Sikujali. Kilichoninyima usingizi ni habari yake jaridani: Percy Miller, ndilo jina lake halisi, mtoto wa New Orleans, alichukua dola 10,000 alizozipata baada ya kifo cha babu yake, akafungua duka la kanda Richmond, California, mwaka 1990. Duka likazaa lebo. Mwaka 1996, alipoingia mkataba na Priority Records, wao wakapewa kazi ya kusambaza na 15 kwa mia. Yeye 85, na masta, yaani rekodi mama zenye haki ya wimbo, zibaki zake.

Masta zibaki zake! Tukikaa kijiweni Mwembeyanga nilikuwa nahubiri hayo mpaka watu wanaaga. Anayeuza masta, nikawaambia, kauza shamba, hajauza mahindi. Yule mrefu, ambaye kusema kweli ndiye aliyekuwa na sauti, akaandika kwa makapeni juu ya kitanda chake: HATUUZI MASTA.

Albamu tukarekodi, nyimbo nane, studio tukilipa kwa saa na mara nyingine kwa kuvizia. Kava tukataka ziwe na vito na moto kama zile Pen & Pixel wa Houston walizokuwa wakimtengenezea Master P. Tukaishia kupiga picha mbele ya gari la jirani, naye akajitokeza nyuma kidogo, kwa bahati mbaya anasema.

Lakini nilichokuwa nakitaka hasa, ndani kabisa, ni filamu. Muziki ulikuwa mlango tu. Nikaandika hadithi kwenye daftari la shule, nikakodi kamera, ile Panasonic M9000 ya kubebwa begani, kwa mpiga harusi mmoja wa Chang'ombe. Kamera ilikuwa yetu Jumatatu hadi Alhamisi. Kuanzia Ijumaa ni ya maharusi. Ndiyo maana steringi wetu alipigwa risasi siku ya Alhamisi, damu ya rangi ya juisi ikammwagikia fulana, akaambiwa fulana hiyo asiifue maana atakufa Jumatatu. Jumatatu kamera haikuja. Deni la kukodi lilikuwa limefika mahali ambapo mwenyewe alizuia kanda zote tulizopiga, akasema hatoi hata moja mpaka aione hela.

Kariakoo nilikwenda peke yangu. Hapo ndipo huwa narudi nikiwa nimelala: kwa nini peke yangu? Wenzangu walikuwapo, wamekaa kijiweni, ningewaita tu.

Duka lilikuwa kwenye mtaa unaoingilia Msimbazi. Maboksi ya kanda mpaka darini, harufu ya plastiki mpya na wino wa kava, feni inazunguka bila kumpepea mtu. Masta yetu ilikuwa kanda ya DAT, ndogo kuliko pakiti ya sigara. Nilikuwa nimeifunga kwenye leso, nikaitia mfuko wa shati, na njia nzima ndani ya daladala nilikuwa nimeishika kama mtu anayesikia maumivu ya moyo. Mzee mwenye duka, msambazaji wa kanda, akaifungua leso, akaikunja vizuri, akaiweka pembeni. Akaitia kanda kwenye mashine, akavaa hedifoni.

Sikuwa nasikia chochote. Nilikuwa namtazama kidole. Wimbo wa kwanza hakikugonga. Wa pili kikagonga mara mbili tatu, kikaacha. Wa nne, ule wa yule mrefu, kikagonga kaunta mfululizo, na mimi kwa ujinga wangu nikaanza kutikisa kichwa kufuata kidole chake.

Akavua. "Mnataka nini?"

"Kwa kopi," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kusema 85, sauti ikagoma.

"Kwa kopi sawa. Njoo baada ya miezi mitatu tuhesabu." Kisha akavuta kalkuleta, akabonyeza, akaigeuza. 450000. "Au hii, leo."

Ningeweza kujitetea. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1999, COSOTA, chama cha hakimiliki, nayo ilikuwapo, lakini kopi zangehesabiwa na nani, mimi nimesimama mlangoni? Ni utetezi mzuri, nao niliutunga miaka mingi baadaye. Siku ile sikuwaza sheria. Nilimuwaza steringi wangu na fulana yake isiyofuliwa.

Karatasi ilikuwa moja, ya Kiingereza, na kaboni chini yake. Kalamu ilikuwa imefungwa uzi kwenye mguu wa kaunta, na uzi ulikuwa mfupi. Ili nisaini ilibidi niiname. Nikasaini jina langu mahali palipoandikwa mwenye haki. Akahesabu noti mara mbili, akafungia kanda kwenye droo, akanirudishia leso.

Yaliyobaki ni haraka haraka. Laki na themanini kwa mwenye kamera, elfu sabini kwa aliyeunganisha picha, na wale vijana elfu hamsini hamsini. Nikawaambia ni advansi. Wakafurahi, yule mrefu akanikumbatia. Filamu ilionyeshwa siku moja tu, kwenye banda la video Tandika, katikati ya picha mbili za kung fu. Upepo ulikuwa umemeza sauti yote, na mwenye banda, aliyezoea kuwatafsiria watu filamu za nje, akashika kipaza sauti akaanza kututafsiria yetu, Kiswahili kwa Kiswahili, maneno ya kubuni mwenyewe. Watu walicheka sana. Ilikuwa imekusudiwa iwe ya kulia.

Wimbo wa nne ulipigwa. Niliwahi kuusikia kwenye daladala ya Mbagala, abiria wanaujua kiitikio. Miezi mitatu ilipita, hakuna aliyekwenda kuhesabu, na kundi likaja kuvunjika kwa mambo mengine kabisa, ndoa, kazi, mmoja Afrika Kusini.

Yule mrefu anauza spea Gerezani. Mwaka jana nilikwenda kununua shokapu, akanipunguzia bei bila kuombwa, akamwambia kijana wake wa dukani, "Huyu ndiye aliyekuwa Bosi wetu, alitufundisha tusiuze masta." Nikatabasamu. Nikalipa nikaondoka, nikasahau chenji.

Wakati naandika haya ujumbe mwingine umeingia. "Anko, jamaa anasema yeye 20, na masta zikae kwake kwa usalama. Karatasi iko hapa. Nisaini?"

Tiki zimeshageuka bluu. Anajua nimesoma.