Bufee ilinishinda, sinia likanitoa: kuwalisha wasiojuana Bagamoyo

Kila niliyemweleza kwamba nataka kuwakalisha watu wasiojuana wale pamoja, wazungumze ya maana na watoke na fikra mpya, alinipa ushauri wa ukumbini. Weka bufee. Wape vikadi vya majina. Andika maswali kwenye vikaratasi, kila mtu achomoe lake. Mmoja aliniambia nitafute MC. MC wa nini, na watu wamekuja kuzungumza?

Bufee niliikubali, kwa kuwa aliyeishauri ni mpishi wa shughuli anayeheshimika na alisisitiza mno. Ilikwenda hivi. Watu walipanga foleni, na kwenye foleni unachokiona ni mgongo wa mwenzio. Kila aliyepakua aliondoka na sahani yake mpaka kwa yule aliyekuja naye. Aliyekuja peke yake alisimama karibu na jagi la juisi akijifanya anajibu ujumbe kwenye simu. Wa kwanza walimaliza kula wakati wa mwisho hawajafika kwenye wali, kwa hiyo hapakuwa na hata dakika moja ambayo wote walikuwa kwenye jambo moja. Mpishi alifurahi, chakula kilisifiwa sana. Kilichosifiwa ni hicho tu, maana hapakuwa na kingine cha kusifia.

Nikahamia kwenye sinia, ambalo Bagamoyo hapana wa kutufundisha. Mkeka chini, sinia moja watu wanne, wakizidi sana watano. Sita au saba ukiwabana wataenea, lakini mazungumzo hayataenea: utaona watatu wa huku wanacheka na wa kule wanamsikiliza mmoja. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, na wenzake walishaliandika hilo mwaka 1995, kwamba watu wakiachwa waongee wenyewe, kundi likizidi wanne hivi humeguka. Na wale waliosema vijana wa siku hizi wataona kinyaa kula chombo kimoja niliwatajia Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach, watafiti wa Marekani, ambao mwaka 2019 walionyesha kwamba watu wasiojuana waliochovya kwenye bakuli moja walifikia makubaliano haraka zaidi kwenye majadiliano waliyopewa kuliko waliopewa kila mmoja bakuli lake. Walinyamaza.

Kitoweo ndicho kitakachokuangusha au kukubeba. Nyama ina mjadala wake: nani kachinja, nani hali ipi. Samaki hana mjadala, ila si kila samaki. Vibua vitamu, lakini mtu mwenye kibua mkononi haongei, anatafuta miiba. Pweza naye anatafunwa mpaka hoja inapoa. Mimi nachukua nguru wa vipande, mwiba mkubwa katikati na basi, unamenyeka kwa vidole viwili. Nguru akiadimika, jodari. Kwa watu ishirini kilo tano za samaki zinatosha, mchele kilo nne (kilo moja kwa sinia), nazi nane za wali na tatu nne za mchuzi. Gharama yote huwa laki na ushee. Kusi ikichafua bahari na ngalawa zikilala ufukweni, jiandae kwa zaidi, na uwahi sokoni mapema.

Wali wenyewe usiwe wa kuchambuka punje punje kama wa hotelini. Mgeni asiyezoea kula kwa mkono mbele ya watu ataumwaga kifuani, ataona haya na hatasema neno tena usiku kucha. Unatakiwa ushikane kidogo, tonge likae. Kwa mchele wa Mbeya natia kikombe kimoja cha mchele kwa viwili kasoro vya tui, jepesi kwanza, zito mwishoni likishaanza kukauka, halafu napalia makaa juu ya mfuniko. Tui zito likitangulia, chini linaungua na juu wali bado kiini.

Ukishapakua uache sinia lipoe dakika kumi. Hizo ndizo dakika za kunawa, na hapo usiajiri mtu wa kunawisha. Birika, beseni na sabuni vinazunguka mkono kwa mkono: ninayenawishwa nami nampokea birika aliyeninawisha, kisha namnawisha anayefuata. Kumbe ukishammiminia mtu maji mikononi, "unatokea wapi?" inakuja yenyewe.

Sasa ujanja wangu, ambao nauonea fahari kuliko mapishi. Masinia manne hayapewi vitu sawa. La kwanza lina ndimu zote. La pili lina bakuli la pilipili ya kukaanga. La tatu lina kachumbari, na la nne ndilo lenye mchuzi wa ziada. Usitangaze kitu. Baada ya matonge mawili matatu mtu atatazama kulia na kushoto, atauliza, "Jamani, ndimu hakuna?" Sinia la jirani litajibu, "Zipo huku, lete pilipili." Hapo biashara imeanza. Kuna jioni sinia la kachumbari lilidai lilipwe kwa hadithi, kijiko kimoja hadithi moja, na mvuvi mmoja wa makamo akainunua bakuli zima kwa kueleza namna ya kusoma mkondo wa maji usiku bila mwezi. Vikaratasi vya maswali vingefika wapi!

Samaki anakaa katikati, na hapo kuna kazi ya kumpa mzee. Mzee akikaa kimya vijana nao hunyamaza kwa heshima, shikamoo moja na kila mtu anatazama tonge lake. Mpe amege samaki awasogezee wenzake. Anayemsogezea mtu kitoweo lazima amtazame, amwulize kama anapenda kichwa, na mwenye kusogezewa anashukuru. Kwenye kupanga, usiweke wawili wa kazi moja sinia moja. Wapiga ngoma wawili watazungumza ngozi za ngoma mpaka kahawa, na fundi wa milango aliye pembeni ataishia kula tu. Wanawake wengine hawapendi kuchanganyika sinia na wanaume wasiowajua. Waulize mapema, wapewe sinia lao, mradi nao wasiwe wa kazi moja. Asiyetaka kabisa kushiriki chombo mpe sahani, kaa naye hapo hapo mkekani, usimfanye mjadala.

Mchango upokee kwa simu siku mbili kabla, elfu kadhaa tu. Si kwa ajili ya faida. Aliyelipa anakuja, aliyesema "nitajitahidi" ana harusi.

Kahawa inakuja baada ya kunawa mara ya pili, chungu, yenye tangawizi, na kashata ya karanga. Masharti yake: hunywi kahawa na uliokula nao. Watu wamekwisha kuinuka kwenda kunawa, kwa hiyo kuhama si tabu. Ni hapo tu, si kabla, ndipo kila aliyekuja na kazi iliyokwama anaitoa. Nawaambia siku ya mwaliko: usije na kazi uliyoimaliza, njoo na iliyokushinda. Iliyokwisha watu wataisifu na mambo yameishia hapo. Iliyokushinda kila mtu anaitia mkono. Mwanafunzi mmoja wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, alileta kinyago cha jukwaani, kizuri ajabu, lakini kinamlemea mchezaji shingo kabla onyesho halijafika nusu. Mafundi walianza kubishana juu ya aina za mbao. Mama mmoja msusi wa ukili, aliyekuwa amenyamaza jioni nzima, akakigeuza, akatazama ndani, akasema, "Mwanangu, mbao ya nini? Funga fito, vika miyaa, halafu paka rangi." Akaomba karatasi, akaukunja mshono wa kwanza pale pale kumwonyesha. Yule kijana aliondoka na kinyago chini ya kwapa na namba ya mama kwenye simu.

Saa nne usiku nafunga, hata kama wamenoga, maana bodaboda huadimika na walio mbali wataanza kutazama saa badala ya kuongea. Usitupe ukoko. Ule wa wali wa nazi, uliopata makaa ya taratibu, uubandue vipande vikubwa uuweke kando, na utangaze kwamba ni wa watakaobaki kuosha masufuria. Kwangu waoshaji hawajawahi kukosekana, na juzi walizidi.