Siku moja kwenye meza ya picha

Saa 12 asubuhi. Picha za usiku zimeshaingia kutoka kwa mpiga picha wa gazeti letu aliye kambini kwa waliokimbia vita. Mtoto mbavu zinahesabika, mama kajiinamia, vumbi kila mahali. Zimepigwa kwa ustadi, na hapo ndipo ninapoanza kuzishuku: zingeweza kutoka vita yoyote, ukame wowote.

Saa 2. Nimeganda kwenye picha ambayo wengi wangeipita. Kiganja cha mama kimeshika kadi ya mgao. Visanduku vya miezi ya mwanzo vimetobolewa, vinavyofuata ni vitupu, kona imelainika kwa jasho. Naikuza. Mgao ulikatika mwezi uleule jeshi lilipofunga barabara. Habari yote imo humo.

Saa 4, kikao. Bosi anamtaka mtoto ukurasa wa mbele. Namtajia picha ya Kevin Carter ya 1993, ya mtoto aliyedhoofu kwa njaa na tai nyuma yake. Watu walimwandama mpiga picha: mbona hakumbeba? Wachache waliuliza kwa nini Ayod, kusini mwa Sudan, kulikuwa na njaa, ilhali makundi ya waasi wa SPLA yaliyogawanyika 1991 yalikuwa yakipigana eneo hilohilo. "Mwandishi ataeleza ndani," anasema. Haya, nani atafika huko ndani?

Saa 6. Maelezo ya picha. "Ukame umeleta njaa," nafuta. Naandika nani kafunga barabara, na lini. Mwanasheria anapiga simu, kama kawaida yake.

Saa 8, vijana wa mafunzo. Nawaonyesha picha aliyopiga mmisionari Alice Seeley Harris huko Kongo mwaka 1904: Nsala ameketi, anatazama mkono na mguu wa bintiye, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya kuvuna utomvu wa mpira. Bila maelezo, ni baba mwenye msiba tu. Wanaharakati waliizungusha kwenye mihadhara wakiutaja mpira na kumtaja kwa jina Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo. 1908 Kongo ikatoka mikononi mwake.

Saa 11. Nampigia mpiga picha: mama aliridhia? "Ndiyo dada, mkalimani alikuwepo." Ila namba ya kadi inasomeka, na wenye bunduki nao wanasoma magazeti. Kuifuta siruhusu, picha ya habari haichezewi. Twazipitia zote pamoja hadi tukapata moja ambayo kidole gumba kimeifunika namba. Bosi kaikubali, ukurasa wa mbele. Mtoto hatumtumii.