Mlango wa gereji ulipogoma kufunga: ninavyotunza vihisi vyake vya usalama

Mlango wetu wa gereji ulianza kugoma alasiri. Asubuhi ulifunga bila shida, lakini jua lilipoanza kuinama ulishuka kidogo, ukasita, kisha ukapanda tena huku taa ya mota ikiwaka na kuzima. Jirani alinishauri niwe nashikilia swichi ya ukutani mpaka mlango ufike chini. Ni kweli mashine nyingi hukubali hivyo: ukibonyeza bila kuachia, mlango hufunga hata kama vihisi vinakataa. Njia hiyo ipo kwa ajili ya dharura, mtu akiwa amesimama pale akiuangalia mlango. Mimi nina watoto wanaopita hapo mbio, na sikutaka mtu yeyote nyumbani azoee kuufunga mlango kwa kuvinyamazisha vihisi. Nikaamua kutafuta chanzo.

Vihisi hivi ni viwili, kimoja kila upande wa mlango, karibu na sakafu. Kimoja hutuma mwale wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, kingine huupokea. Mwale ukikatizwa wakati mlango unashuka, mota husimama na kuurudisha mlango juu. Nchini Marekani, baada ya watoto wengi kufa kwa kubanwa, sheria ilitaka kila mashine ya mlango wa gereji wa nyumbani iliyotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 iwe na kinga ya ziada kama hii. Huko vihisi huwekwa kwa kimo kisichozidi sentimita 15 hivi kutoka sakafuni. Nami nakifuata kipimo hicho, kwa sababu mwale ulio kwenye usawa wa goti hauwezi kumwona mtoto anayetambaa au aliyelala.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kuelewa kwamba mfumo huu umeundwa ili ukiwa na shaka ukatae. Kihisi cha kupokea lazima kiupate mwale muda wote. Lenzi ikizibwa na vumbi, kishikizi kikipinda au waya ukikatika, kwa mota yote ni mamoja: mwale haupo. Kwa hiyo mlango utafunguka lakini hautafunga. Dalili ni moja, vyanzo ni vingi, na fundi wa nyumbani asiyekuwa na subira ataanza kubadilisha vifaa visivyo na kosa.

Nilianza na taa ndogo zilizo kwenye vihisi vyenyewe. Rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo nilikifungua kijitabu cha mashine nijue ipi ni ya kutuma na ipi ni ya kupokea. Taa ya kutuma huwaka maadamu umeme unafika. Ya kupokea ndiyo yenye habari: ikitulia, mwale unafika vizuri, ikitetemeka, unafika kwa shida, ikizima, haufiki kabisa. Yangu ilikuwa imetulia asubuhi, na alasiri ikitetemeka.

Usafi ulichukua muda mfupi. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, halafu kikavu, na utando wa buibui kuondolewa mbele ya lenzi na nyuma yake pia. Sipulizii dawa kali ya kusafishia moja kwa moja, kwani lenzi ni ya plastiki na hupata ukungu usiotoka. Mahali penye baridi asubuhi, umande nao hutosha kuziba lenzi.

Kulinganisha vihisi kulihitaji utulivu zaidi. Vishikizi vyangu vimefungwa kwenye reli ya mlango, na kila mlango unapopita reli hutikisika, nati zikalegea kidogo kidogo. Nilivuta uzi kutoka kihisi kimoja hadi kingine, nikaukaza, kisha nikapima kwa pimamaji. Kimoja kilikuwa kimeinama chini. Nililegeza nati yake, nikakigeuza polepole huku nikiitazama taa ya kupokea. Hapo ndipo pana siri: usikaze mara taa inapowaka. Endelea kukigeuza mpaka ianze kutetemeka upande wa pili, kisha urudi katikati ya hizo pande mbili. Kihisi kilichokazwa pembeni mwa eneo lake kitafanya kazi leo na kugoma mlango ukitikisika wiki ijayo. Nikakaza, halafu niligonga reli kwa kiganja. Taa haikuyumba.

Asubuhi mambo yakawa mazuri. Alasiri mlango ukagoma tena.

Ndipo nilipoketi sakafuni saa ileile ya kugoma na kufuata mwanga kwa macho. Jua la alasiri lilikuwa linaingia kwa mshazari na kupiga moja kwa moja kwenye lenzi ya kupokea. Mwanga wa jua nao una infraredi, tena nyingi mno, na kihisi kilichofurikwa nayo hakiwezi kuutambua mwale hafifu wa mwenzake. Nilimwomba mke wangu asimame nje ili kivuli chake kianguke juu ya kihisi, bila kuukatiza mwale. Taa ikatulia palepale. Akasogea, ikatetemeka. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kubahatisha.

Tiba yake ilikuwa kubadilishana nafasi: kihisi cha kupokea kikaenda upande wa kivulini, cha kutuma kikaja juani, maana anayetuma hasumbuliwi na jua. Kwanza nilichomoa plagi ya mota. Umeme wa vihisi ni mdogo, lakini sitaki mtu abonyeze rimoti nikiwa nimeinama chini ya mlango. Kwenye mashine yangu vihisi vyote viwili huishia kwenye jozi moja ya nyaya kule motani, kwa hiyo kuvihamisha kulikuwa kazi ya bisibisi tu. Anayefanya hivi aangalie kwanza mchoro wa mashine yake. Kama kuhamisha kusingewezekana, ningekivalisha kihisi cha kupokea bomba fupi jeusi kama ukingo wa kofia, refu kiasi cha kuzuia jua la pembeni na kuuacha mwale upite.

Wakati nafungua nyaya niliona kitu ambacho kingenisumbua baadaye. Kwenye kiungo kimoja shaba ilikuwa imefanya ukijani wa kutu. Kiungo cha namna hiyo hupitisha umeme leo na kukataa kesho, hasa hewa ikiwa na unyevunyevu. Nilikata sehemu iliyooza, nikachuna waya mpya na kuunga upya kwa kufuata rangi zilezile. Nikaukagua waya wote ukutani pia, kwani kibanio kilichopigiliwa kwa nguvu huweza kupasua ganda lake bila mtu kuona.

Taa kutulia hakunitoshi. Taa inaniambia mwale unafika. Hainiambii kama mota inatii. Kwa hiyo kila mwezi hufanya majaribio mawili. La kwanza: naanza kuufunga mlango, kisha napitisha boksi tupu la karatasi mbele ya mwale nikiwa nimesimama pembeni. Mlango lazima usimame na kurudi juu. La pili naliona muhimu zaidi, na wengi hawalifanyi. Nalaza ubao wenye unene wa sentimita 4 hivi sakafuni, katikati ya njia ya mlango. Ubao huo uko chini ya mwale, kwa hiyo vihisi havitauona. Mlango unapaswa kuugusa na kurudi juu wenyewe ndani ya sekunde 2.

Sababu ya jaribio hili la pili ni kwamba mwale ni mstari mmoja mwembamba tu. Mtu aliyesimama akiwa amevuka mstari kwa miguu lakini bado ameinamisha mwili chini ya mlango, au gari ambalo magurudumu yake yako pande zote mbili za mwale na tumbo lake liko juu, vyote vinaweza kutoonekana. Hapo kinachobaki ni uwezo wa mota kuhisi kwamba imegusa kitu. Mlango wenye vihisi safi na mota isiyorudi nyuma ni mlango wa hatari, na taa zake zote zitakuwa zimetulia.

Mlango wangu ukishindwa jaribio la ubao, siutumii kwa mota tena mpaka fundi aje. Marekebisho ya nguvu ya mota yamo kwenye kijitabu, lakini mara nyingi chanzo ni springi zilizochoka, na springi za mlango wa gereji zimekazwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono au kuua. Sizigusi, wala bolti za kishikizi cha chini cha mlango wenyewe, panapofungwa kamba za chuma. Hata ile kamba nyekundu ya kuutenganisha mlango na mota naivuta mlango ukiwa umefungwa tu, kwa sababu springi ikiwa imekatika na mlango uko juu, hakuna kitakachouzuia kuanguka.