Siku moja maishani mwangu: polisi darasani Katuba

Saa 11 alfajiri. Umeme hakuna, napiga pasi ya makaa. Sare ikikunjamana, watoto wa darasa la nane hawakusikilizi, wanakucheka tu. Niko kitengo cha polisi cha kulinda watoto na wanawake hapa Lubumbashi, Kongo, na kila Jumatano naingia shuleni kuongea juu ya makundi ya mitaani.

Saa 12 na nusu. Basi dogo kutoka Ruashi. Nauli inatoka mfukoni mwangu. Niliahidiwa kurudishiwa tangu Septemba. Tuyaache.

Saa 1 na nusu, bendera. Prefe, mkuu wa shule, ananinong'oneza: "Mama, uwatishe kidogo." Naitikia kwa kichwa, na sitafanya hivyo.

Saa 2. Wanafunzi sitini na kitu, watatu watatu kwenye benchi. Naandika ubaoni: 14. Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inasema aliye chini ya umri huo hahukumiwi kama mkosaji. Kuanzia hapo hadi kabla ya 18, kesi yake ni ya mahakama ya watoto. Kijana wa nyuma ananyanyua mkono: "Basi, Mama, panga abebe mwenye miaka 13?" Darasa zima kicheko. Mimi pia. Halafu namwambia: "Ndiyo sababu wakubwa wanampa yeye. Hiyo sheria wanaijua kukushinda."

Kisha msichana wa benchi la mbele, bila kunyanyua mkono: "Nikikutajia jina la kuluna, mtamuua?" Kuluna ndio hao vijana wa makundi ya mitaani.

Hapo kicheko kimekatika. Ningeweza kukwepa. Lakini operesheni Likofi, ya polisi wa Kinshasa dhidi ya kuluna, iliyoanza Novemba 2013, hata hawa wanaisikia nyumbani: Umoja wa Mataifa uliripoti vijana waliouawa na polisi bila kuona hakimu. Sare ni hii hii. Namwambia ilitokea, ilikuwa kosa, na jina atakalonipa nitalipeleka kwanza kwa mfanyakazi wa jamii. Sijui kama ameniamini. Anaandika kitu kwenye daftari, anakifunika kwa mkono.

Saa 4, mapumziko. Nimevua kofia, nakula maandazi chini ya mwembe. Kijana mwembamba anakuja kukaa pembeni, soksi imevimba. Anachomoa bikari ya hesabu, ile wanayoita kompa, ncha imenolewa kwenye saruji hadi inang'aa. Si ya kumchoma mtu, anasema. Ni ya kupita kichochoro cha nyuma ya soko, maana kundi la hapo humwacha apite aliye wao tu, na wiki ijayo anataka kujiunga nao ili apite. Kuingia kundini kwa ajili ya kichochoro! Kwenye karatasi nilizopewa za kufundishia, hilo halimo.

Saa 6 na nusu. Nimepata wanafunzi wengine wanne wanaopita kichochoro hicho. Tunatembea wote, kofia iko mkononi, kompa iko kwenye mkoba wangu. Mlangoni kwa yule kijana, mama yake anaiona sare, beseni la sombe, majani ya muhogo, linamponyoka.

"Amefanya nini?"

Nimeeleza mara tatu kwamba hajafanya kitu ndipo nikapewa kiti.