Nilivyochagua kadi ya michoro kwa skrini ya 1440p

"Chukua yenye namba kubwa." Nilipohama kutoka skrini ya 1080p kwenda 1440p, karibu kila niliyemuuliza alinijibu hivyo, na hadi leo jibu hilo linanikera. Skrini ya 1080p ina pikseli (nukta zinazounda picha) milioni 2.07, ya 1440p ina milioni 3.69. Mzigo unaongezeka kwa asilimia 78, na namba ya kwenye boksi haisemi kama kadi itaubeba.

Kabla ya kutoa hela nilishusha gemu hadi 720p. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zikapanda sana, nikajua kadi yangu ya zamani ndiyo iliyoelemewa. Zingebaki palepale, prosesa ndiyo ingekuwa inazuia, na kadi mpya isingenifaa kitu.

Rafiki yangu akaniazima kadi yenye kumbukumbu ya GB 8, mpya kuliko yangu. Wastani wa fremu ulikuwa mzuri kabisa, lakini kila nikikata kona kwa kasi mjini kwenye gemu, picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Nikaambiwa kadi haina nguvu, shusha setingi zote. Nilikataa! Nikaacha vivuli, mwanga na ukungu juu kabisa, nikashusha tekscha (picha zinazofunika kuta, barabara na vitu vingine kwenye gemu) peke yake, ngazi moja tu. Kukwama kukaisha papo hapo, na wastani wa fremu ukabaki uleule. Nilipandisha tekscha, kukarudi, nikashusha, kukaisha. Nilirudia kwa raha tu, maana jibu lilikuwa mbele yangu: tekscha hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi na haziichoshi chipu. Kumbukumbu ikijaa, data inavutwa kutoka RAM ya kompyuta kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta, ambayo ni nyembamba mno kwa kazi hiyo. Chipu ilikuwa na nguvu za kutosha, GB 8 ndizo zilizokuwa hazitoshi.

Ndipo nikaweka sharti langu: GB 12 kwa uchache, 16 ikiwezekana. Ila GB peke yake nazo hazitoshi, kuna pia basi, yaani upana wa njia kati ya chipu na kumbukumbu ya kadi, na kasi ya data inayopita humo. RTX 4060 Ti ya GB 16 ina basi ya biti 128 na inapitisha GB 288 kwa sekunde. RTX 4070 ina GB 12, biti 192, GB 504 kwa sekunde. RX 7800 XT ina GB 16, biti 256, na inafika GB 624. Bei ya hii ya mwisho na ile ya 4060 Ti ya GB 16 hazikupishana sana, kwa hiyo nikachukua RX 7800 XT. Kama unapenda ray tracing, yaani mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kama vya kweli, 4070 itakufaa zaidi, mimi huizima.

Na ukisoma vipimo vya watu, tazama ile asilimia 1 ya fremu za chini, yaani kasi ya gemu katika nyakati zake mbaya zaidi. Kadi ya GB 8 niliyoazimwa ilikuwa na wastani wa kupendeza, na bado ilikwama.

RX 7800 XT inakula wati 263, na AMD, watengenezaji wake, wanapendekeza pawasaplai ya wati 700, kwa hiyo angalia yako kabla hujalipa. Pima na nafasi ndani ya keisi.

Gemu nzito nazichezesha na FSR, teknolojia ya AMD ya kukuza picha, kwenye setingi ya Quality: kadi inachora kwa 960p kisha picha inakuzwa hadi 1440p, na kwa umbali ninaokaa picha inanitosha. 4K sijaihitaji. Ile ina pikseli milioni 8.29, na kwa hizo ningetafuta kadi ya daraja jingine.