Jirani mfupi wa Nyayo House

Aliyewahi kutafuta pasipoti Nairobi anaijua foleni ya Nyayo House. Nilikuwa nimemsindikiza mtoto wa kaka yangu kutoka Nakuru. Tulipanda matatu usiku, Gilgil na Naivasha tukazipita gizani, kukapambazuka tukiwa tunaukwea ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru, ukungu umetanda hadi barabarani. Kijana alipokwisha kushika nafasi yake kwenye foleni, nikamwambia anitafute hapo jirani nikichelewa.

“Jirani wapi, shangazi? Kwani hapo kuna nini?”

Simlaumu. Ghorofa 27 zikisimama kando yako, nani atakuona? Nairobi Gallery, jumba la makumbusho na sanaa, ni nyumba fupi ya mawe, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Ilijengwa mwaka 1913, Mwingereza akiitumia kama ofisi ya kushughulikia mambo ya “wenyeji”, kisha ikawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Hapa ndipo watu waliandikishwa wanapozaliwa, wanapooana na wanapokufa. Na hapa ndipo palipowekwa sifuri ya barabara za Kenya: vile vibao vilivyokuwa vikituhesabia kilomita njia nzima vilikuwa vinahesabu kuja kwenye nyumba hii, wala si stendi ya matatu.

Ndani, moyo wa nyumba ni ukumbi wa pembe nane wenye kuba juu yake. Nilisimama katikati nikainua kichwa. Lazima niseme ukweli, ni ukumbi mzuri, hata kama waliojenga hawakuwa na nia njema nasi. Kelele za Uhuru Highway zinabaki nje, na sauti yako mwenyewe inakurudia ukiongea.

Vyumbani kuna mali ya Joseph Murumbi na mkewe Sheila: vinyago, vitambaa, mapambo, stempu. Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba Mgoa na mama Mmaasai, akasomeshwa India. Mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na kabla mwaka haujaisha akawa amejiuzulu. Rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa kwa risasi mwaka uliotangulia. Baada ya siasa akazama kwenye sanaa, na mapema miaka ya 1970 akaanzisha African Heritage, nyumba ya sanaa za Afrika, pamoja na Alan Donovan, Mmarekani aliyehamia Kenya.

Nilikaa sana mbele ya kazi ya Rosemary Karuga, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea sanaa Makerere. Ukisogea karibu unagundua si rangi ile. Ni vipande vya karatasi vilivyochanwa na kugandishwa kimoja baada ya kingine. Karuga alikuwa akitumia pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona. Niliitafuta sabuni kwenye shingo ya kuku aliyemo pichani kwa muda, mlinzi akanitazama.

Kinachoniudhi ni hiki. Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyiko wake akitaka pawe mahali pa kusomea tamaduni za Afrika. Nyumba ikaachwa ikaoza, mwishowe ikabomolewa, naye akiwa angali hai kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1990. Ofisi ya mkoloni tukaitunza hadi ikawa kumbukumbu ya taifa. Ya mzalendo aliyetuwekea vitu vyetu ikageuka kifusi.

Kijana alinipigia saa saba, amemaliza. Nikamwambia asikae, tunashuka Kenyatta Avenue hadi Moi Avenue, kwenye Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa Benki ya India. Huko kuna sehemu nyingine ya mkusanyiko wa Murumbi, na maelfu ya vitabu vyake, vingi vilichapwa kabla ya 1900. Akauliza kama tunaweza kula kwanza. Tukala.