Wati 300 za kwenye boksi

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwa jamaa yangu mmoja Magomeni kama kawaida yetu, watu wanne, spika mbili kubwa na feni moja ya mezani, mara jamaa akaingia chumbani akatoka na boksi dogo hivi, ukiliona kwa mbali unasema la simu, akaliweka katikati ya meza akasema haya sasa, amplifaya mpya hiyo, wati 300 kila upande, laki tatu na nusu tu. Pakawa kimya kama sekunde mbili hivi halafu makelele yakaanza.

Mmoja akasema umepigwa. Mwingine akasema hajapigwa hata kidogo, we ndo hujui bei za sasa hivi. Mimi nikaomba adapta.

Yaani mi nikiletewa hivi vidude vya Kichina huwa sisomi boksi, nasoma adapta, kwa sababu umeme wote wa amplifaya unapita pale. Ilikuwa imeandikwa 32V 5A. Zidisha, unapata wati 160, na hizo ni za spika zote mbili pamoja na zile zinazopotea kwenye joto, sasa 600 zinatoka wapi, labda kwa maombi. Tukasoma karatasi ya ndani, maandishi madogo kama ya dawa, kumbe zile 300 ni ukitumia adapta ya 48V, na spika ya 4 ohm (ohm ni kipimo cha spika inavyouzuia umeme, ikiwa ndogo inavuta zaidi), na sauti iwe imeshaharibika asilimia 10. Asilimia 10 sio ya kutafuta na mashine jamani, hiyo bibi yako anaisikia akiwa jikoni.

Sisi tuliokulia na masabufa ya PMPO, zile wati za kutangazia biashara tu, hatukushangaa sana, nyumbani tulikuwa na redio imebandikwa stika ya wati elfu kadhaa mbele, ukigeuza nyuma kibati kinasema inakula wati 60.

Ila sikumwambia jamaa amenunua takataka, maana hajanunua takataka. Hizi amplifaya ndogo za class D, zile zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi sana, ni kazi nzuri, hazipati moto sana, hazina kelele, na kwa spika zake yeye zile 32V zinamtosha kabisa. Ugomvi wangu ulikuwa kwenye ile laki tatu na nusu. Hiyo ni bei aliyoiona mtandaoni. Nauli ya mzigo hakuihesabu, na pale forodha hawapigi hesabu kwenye bei ya dukani peke yake, wanachukua bei wanajumlisha bima na usafiri, hapo ndo wanaweka ushuru, halafu VAT ya 18% inakaa juu ya vyote hivyo. Tulivyokaa na kalkuleta ya simu ikaja laki tano na kidogo, na bado anataka adapta ya 48V ambayo inauzwa kivyake. Akanyamaza. Mkewe alikuwa anapita na chai, nikaona bora tubadilishe mada.

Tukaingia kwenye spika. Zake zimeandikwa 91 dB, kipimo cha ukubwa wa sauti, yaani ukiipa wati moja ukakaa mita moja unapata sauti hiyo. Zangu ni 85. Hizo 6 za katikati unaweza kuziona ndogo, lakini kila ukitaka kupanda dB 3 unahitaji wati mara mbili, kwa hiyo mimi nifike anapofika yeye natakiwa kuwa na wati mara nne. Yeye wati 20 za kweli zinamsumbulia majirani mpaka wa tatu. Amplifaya ya NAD 3020 ilitoka 1978 na wati 20 kila upande na mpaka leo watu wanaitafuta kama lulu, hakuna aliyewahi kuniambia haipigi.

Alichotaka kufanya kibaya ni kimoja tu, kuongeza jozi ya pili ya spika kwenye matundu yale yale. Spika zake ni 6 ohm, ukifunga mbili sambamba unapata 3, na nyuma ya kile kidude wameandika 4 mpaka 8. Itapiga, na itapiga vizuri tu, mpaka siku ya harusi ya mtu.

Sasa mnaweza kuniuliza huu ujuaji nimeutoa wapi. Nimeulipia. Mwaka jana nilinunua mashine ya kupigia santuri, mtumba wa Japani, nzuri, mbao zake safi, laki mbili na themanini, nikaona nimeokota dhahabu maana marehemu mzee aliniachia santuri za 45 kama hamsini hivi, nyingi za Kikongo, zile wimbo umekatwa katikati na ukitaka sebene unageuza upande wa pili. Japani umeme wao ni 100V, hilo nililijua, nikanunua transifoma, ingawa hapa mjini za 110 ziko tele na ya 100 kamili niliitafuta wiki mbili, elfu 75. Nikafika nyumbani nikawasha, nikaweka santuri ya mzee, jamaa anaimba kama kaamshwa usingizini saa tisa usiku.

Nikalaumu mkanda, nikalaumu mota, nikalaumu muuzaji. Mwisho nikabandika kipande cha selotepu pembeni ya ile sahani, nikashika simu nikahesabu mizunguko ya dakika nzima. Kwenye kasi ya 33 inatakiwa 33 na theluthi. Nikapata 28 kasoro. Hapo ndo nikageuza chini nikasoma kibati vizuri: 100V 60Hz.

Hapa kwetu ni 50Hz, yaani umeme unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, na transifoma inabadilisha volti tu, Hz inaziacha kama zilivyo. Mota za aina ile zinafuata Hz za ukutani, sasa 60 ikipewa 50 lazima ichelewe. Tena Japani yenyewe imegawanyika, upande wa Tokyo ni 50, upande wa Osaka ni 60, yangu ikawa imetokea Osaka na hakuna mtu aliyeniuliza. Kama ingekuwa mashine ya mota ya DC kama Technics SL-1200 nisingepata huo mtihani, zile hazijali Hz.

Dawa yake ni puli kubwa zaidi, mara 1.2. Nikachomoa ile puli ya shaba, ina ngazi mbili, ya 33 na ya 45, nikaipeleka Gerezani kwa mzee mmoja anayechonga vyuma. Shikamoo mzee, marahaba, akaiweka kwenye kiganja akaigeuzageuza, akacheka, akasema hii ni kama hereni. Ngazi ya 33 ilikuwa milimita 10, nikamwambia nipe 12. Akachonga 12, safi kabisa. Nikarudi nyumbani nikahesabu, 33 kamili, ile theluthi haipo! Kosa langu, unene wa mkanda nao unahesabika na mimi nilizidisha puli peke yake. Nikarudi, mzee akanipa 12.1 na jicho moja la huruma, zote mbili akachukua elfu 30.

Na hapo bado haijapiga, kwa sababu amplifaya yangu haina tundu la santuri. Si plagi tu inayogoma. CD pleya inatoa kama volti 2, katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, ya kawaida ya MM (yenye sumaku inayocheza) inatoa milivolti 5 hivi, na juu ya hapo santuri inakatwa ikiwa imepunguzwa besi, lazima kuwe na kitu cha kuirudisha. Kwa hiyo kiboksi cha phono laki na ishirini, sindano mpya elfu 95. Jumla laki sita kwa kitu nilichokuwa nawatambia watu nimekipata kwa laki mbili na themanini.

Haya yote niliyasimulia pale Magomeni, wakacheka mpaka chai ikapoa. Halafu jamaa yetu yule yule mwenye boksi akasema yeye na upande wa santuri ameshajipanga, anataka Denon DL-103, katriji ya MC (hii kinachocheza ni koili ya waya, si sumaku) inayotengenezwa tangu miaka ya 1960, ameshaongea na mtu. Nikamwambia sawa kaka, ila ile inatoa milivolti 0.3 tu, kiboksi chako cha phono kinakubali MC au ni MM peke yake?

Akasema ngoja. Akaenda chumbani, akarudi na kiboksi mkono mmoja na miwani mkono wa pili.